Mpangaji Aliyezivuruga Saa

Mpangaji wangu wa chumba cha uani ana mabega ya mchukuzi wa magunia, ilhali hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kompyuta. Kazi yake, nilivyoielewa mimi nisiyejua a wala be, ni kuvizia jeni. Zimo mwilini, anasema, kila moja na wakati wake wa kuamka na kulala, na kompyuta huziweka kundi moja zile zinazoamka pamoja. Majirani nimewaambia anazisikia zikikoroma. Akizungumza huchora mawimbi mezani kwa kidole, panda shuka, panda shuka, chai ikipoa. Kundi moja alilipenda kama mwana: liliamka kabla homa haijamshika mgonjwa. Miaka mitatu analifuata, na bosi wake ameshaitisha mkutano wa kulitangaza.

Jana asubuhi alizivuruga makusudi saa za vipimo vyake kwenye kompyuta, kama achanganyaye karata. Ndiyo desturi yao: wimbi la kweli likivurugiwa saa, hupotea; la uongo hubaki. Lake lilipanda na kushuka vilevile. Akafumba macho.

"Bibi, nimekuwa nikifukuza kivuli."

"Nani kakuona, mjukuu wangu? Funga hiyo kompyuta, unyamaze. Mimi naudanganya mtaa mzima na bado nanenepa!"

Akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye jino bovu, huku akibonyeza simu.

"Shikamoo, bosi. Naomba uahirishe mkutano. Lile kundi halipo."

Upande wa pili ulifoka mpaka mimi nikasikia: kwani miaka yote mitatu ilikuwa bure? Yeye hakujitetea.

"Ndiyo," alisema. "Tangu mwanzo."