Kombolela Iliyokatizwa na Treni

Siku moja ya utoto wangu inanirudia sana siku hizi, wajukuu zangu. Ni siku tuliyocheza kombolela kule Mnyuzi mpaka ukoo mzima ukaamini nimekufa maji. Nawasimulia nyote, ila namlenga zaidi mmoja wenu, Salehe, mume wangu wa utani mwenye hasira, ambaye tangu agombane na baba yake hajakanyaga hapa Chanika ya Handeni, na hii ni Idi ya pili. Wengine sikilizeni tu, haitawadhuru.

Sisi hatukuwa na vitu vingi vya kuchezea, na tafadhali msianze kunihurumia. Mpira wa rede tuliufunga kwa soksi kuukuu na matambara. Kamba ya kuruka tuliisokota wenyewe kwa singa za mkonge tulizookota njiani, na mdako ulitaka shimo dogo na kokoto basi. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni maneno. Kila mchezo ulikuwa na maneno yake, na ukiyakosea umetoka, hata uwe na miguu myepesi namna gani. Upande mmoja wa reli tulikaa sisi Wazigua, upande wa pili ilikuwa kambi ya wakata mkonge, watu waliotoka Songea na kwingineko. Wakubwa walisalimiana kwa heshima na kila mtu akashika njia yake. Watoto tulivuka reli. Kandida wa kambini alikuja na maneno ya kwao, nasi tukampa ya kwetu, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka lipi lilikuwa la nani. Mpaka leo nikishona au nikichambua mboga, midomo yangu inaanza yenyewe:

Singa za mkonge, moja na mbili,
treni ya Moshi imebeba chumvi,
chumvi kumwagika, nani aokote?
Aokote wewe!

Hayo tuliyatumia kumchagua wa kutafuta. Aliyeangukiwa na neno la mwisho ndiye.

Kwa mliokulia kwenye simu, kombolela ni hivi. Kopo linawekwa katikati ya uwanja. Mmoja analilinda, wengine wanajificha. Mlinzi akikuona anakimbilia kopo, analigonga chini na kulitaja jina lako, basi umeshikwa, unasimama pale mfungwa. Lakini aliyebaki mafichoni akichomoka na kuliwahi kopo kwa teke, amewakomboa wote. Ndiyo maana sisi wadogo tuliota kulipiga lile kopo kuliko tulivyoota kuvaa nguo mpya.

Na kwetu Mnyuzi kulikuwa na jambo moja la zaidi. Mchezo haukuisha kwa watu kutawanyika tu. Jua likishuka, mlinzi alisimama kwenye kopo, wenzake wakamzunguka, wakaimba ili aliyebaki mafichoni ajue kwamba sasa si mtego tena:

Kopo limelala,
chungu kimeiva,
mliojificha njooni,
mama anapakua.

Aliyejificha alijibu kutoka huko aliko, “Na mimi je?” Wote wakamwitikia, “Na wewe pia.” Waliimba hivyo mpaka wa mwisho atoke, akijipangusa majani kichwani. Hilo tuliliita kufunga mchezo. Hakuna aliyetufundisha kwamba ni lazima, tuliwakuta wakubwa wetu wakifanya hivyo.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, na kwa muda mrefu nilicheza bila kuhesabiwa. Ninyi mnajua mambo hayo. Unaruhusiwa kukimbia, unaruhusiwa kupiga kelele, lakini ukishikwa hakuna anayejali na ukishinda hakuna anayeona. Nililia kwa mama, mama akanitetea, ikawa mbaya zaidi. Siku hiyo ninayoisimulia, dada yangu Zaina ndiye aliyeangukiwa na neno la mwisho, na kabla hajafumba macho alinitazama akasema leo Mwajuma anahesabiwa. Sijui nini kilimlainisha. Najua tu kwamba nilikimbia huku kifua kikigonga kwa furaha.

Zaina alikuwa na kipaji kimoja kibaya. Aliweza kuigiza sauti ya mama yetu, na si kidogo, hata jogoo wa nyumbani angemfuata. Wiki iliyotangulia aliniita kwa sauti hiyo, nikatoka mafichoni nikikimbilia chakula, nikamkuta yeye na wenzake wameshikilia mbavu kwa kucheka. Niliapa kwamba sitadanganyika tena.

Nyuma ya kambi kulikuwa na troli kuukuu la kubebea mkonge, limelala ubavu, majani yameliota mpaka juu. Nikajiingiza humo, nikakunja magoti, nikatulia. Kupitia tundu la kutu niliwaona wenzangu wakishikwa mmoja mmoja, Kandida naye akashikwa, mpaka nikabaki peke yangu. Wote walikuwa pale kwenye kopo wakinisubiri mimi niwakomboe. Wajukuu zangu, sijawahi tena kujiona mkubwa kama nilivyojiona ndani ya lile troli.

Hapo treni ikapiga honi. Treni ya abiria ilikuwa imechelewa siku hiyo, na treni ikisimama Mnyuzi hakuna mtoto aliyebaki nyuma. Wengine walikuwa na machungwa ya kuuza, wengine walitaka tu kuwapungia watu wa madirishani. Wafungwa wangu wakatimka, na mlinzi wao Zaina akatimka nao. Treni ilipoondoka giza lilikuwa linaingia, kila mmoja akakumbuka kwamba hajachota maji au hajafungia kuku, wakaenda makwao. Kopo lilibaki uwanjani. Hakuna aliyeimba.

Mimi nilikuwa nimeona uwanja mtupu nikasema moyoni, huo ni mtego. Wanataka nitoke nilifuate kopo, wanirukie. Nikakaa.

Baada ya muda nikasikia sauti ya mama, “Mwajuma! Mwajuma wee!” Nikaziba mdomo nisicheke. Nikasema leo Zaina amejifunza kweli, hata ule mkwaruzo wa mama anapochoka ameupata. Ikaja sauti ya mjomba, nikasema amepata wa kumsaidia. Zikaja sauti nyingi, na taa za kandili zikipita huku na huku, na mbwa, na mtu akisema kwa Kizigua kwamba kuna mtoto alionekana alasiri akielekea mtoni. Mtoni kwetu kulikuwa na mamba. Hapo mama akapiga ukelele.

Nauzungumzia ukelele huo nikiwa bibi mzima na bado mwili unanisisimka. Nilijua si Zaina. Nadhani nilijua. Lakini jina langu lilikuwa linatajwa, na jina likitajwa ukatoka umeshikwa, na nikishikwa siku ya kwanza ya kuhesabiwa nitarudishwa kucheza bure mpaka nizeeke. Mtoto anaweza kuwa na akili ya ajabu namna hiyo. Nikajikunja zaidi, machozi yananitoka, nikingoja kuimbiwa.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa baadaye. Wanaume walikwenda mtoni na miti mirefu ya kupapasia majini. Mama alishikwa na wanawake wawili asiwafuate. Na bibi yangu mzaa baba, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na kwa hiyo hakuna aliyemshirikisha lolote, alikaa mlangoni pa jiko akiwasikiliza wakubwa wanavyomhoji Zaina. Walimuuliza aliniona wapi mara ya mwisho. Walimuuliza nilivaa nini, nilikwenda na nani, kwa nini hakumwangalia mdogo wake. Mtoto wa watu analia tu. Bibi akamwita karibu, akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga, akamuuliza swali lake.

“Mlikuwa mnacheza nini?”

Zaina akasema kombolela.

“Mlifunga mchezo?”

Zaina akatikisa kichwa. Wakubwa wote wakatazamana, maana kila mmoja wao alikuwa amelelewa palepale na kila mmoja alijua maana yake. Kwa muda wote ule walikuwa wanamwita mtoto kwa namna ambayo mtoto ameapa kutoitikia.

Bibi akaamuru watoto wote wakusanywe, wa huku na wa kambini. Nilipochungulia kwenye tundu niliwaona wakilizunguka kopo, na nyuma yao wakubwa na kandili zao, na bibi amebebwa kwenye kiti na wajomba wawili. Wakaimba. Waliimba vibaya sana, kwa sababu nusu yao walikuwa wanalia, lakini maneno yalikuwa yenyewe na hayakukosewa hata moja. Kopo limelala, chungu kimeiva. Nikapaaza sauti kutoka ndani ya troli:

“Na mimi je?”

Watoto walitakiwa waitikie, wakashindwa, kilio kiliwazidi. Aliyeitikia ni mama yangu. Mtu mzima, kanga imemwanguka mabegani, anaitikia wimbo wa watoto katikati ya uwanja, “Na wewe pia. Na wewe pia. Na wewe pia,” akinijia mbio hali hajui niko wapi.

Alinitoa, akanizaba kofi moja, akanifunga mgongoni kwa kanga ingawa miguu yangu ilikuwa inakaribia kugusa chini, na hakunishusha mpaka nyumbani. Kijana mmoja alitumwa mtoni kuwaambia wanaume warudi.

Bibi aliwakalisha watoto kabla hawajatawanyika. Hakugomba. Aliwaambia kwamba aliyejificha hajui kama mmemaliza, kwa hiyo mkienda zenu bila kumwita, kwake yeye mchezo bado, na atakaa huko na njaa yake na woga wake akidhani anafanya lililo sawa. Zaina aliyasikia vizuri. Mpaka anazeeka, dada yangu huyo hakuweza kuondoka kwenye shughuli yoyote bila kuzunguka nyumba akiulizia nani bado.

Nilidhani mimi nimesalimika. Lakini nilipokuwa nakula bada, ule ugali wetu wa muhogo, bibi aliniuliza kama nilimsikia mama. Nikasema nilisikia nikadhani ni Zaina. Akaniuliza, na alipolia? Bibi akanisogezea mboga, akasema:

“Mtu akiliita jina lako huku analia, toka. Usingoje akuite vile unavyotaka wewe. Mchezo utachezwa kesho.”

Sasa, wajukuu zangu, nimeolewa huku Handeni, nimezaa, nimezika, na nimeona michezo mingi iliyoachwa bila kufungwa. Ndugu wanakatizwa na jambo lao, kila mmoja anakimbilia kwake, na mmoja anabaki amejikunja mahali akingoja aimbiwe. Aliyeondoka anasema, mbona hatokei? Aliyejificha anasema, mbona hawaniiti? Wote wawili wana haki, na miaka inapita.

Kwa hiyo ninyi wazazi wadogo, wafundisheni watoto wenu kombolela, na rede, na mdako, na maneno yake yote, hata kama mtayabadilisha kidogo, sisi nasi tuliyabadilisha. Waulizeni wanacheza nini. Ni swali dogo, na siku moja linaweza kukurudishia mtoto. Na mkicheza, mfunge mchezo. Mkigombana, mfunge na ugomvi, aende mmoja kumwita mwenzake kwa maneno yenu mnayoyajua wenyewe.

Na wewe, Salehe. Najua dada yako atakusomea haya kwenye simu, nimemwagiza. Baba yako alikukosea, alikusema mbele ya wakwe siku ya harusi ya dada yako, kwamba umeacha shamba ukakimbilia Korogwe kufungua duka la spea za pikipiki. Nimemwambia amekosea. Lakini baba yako ni mwanangu na namjua, hana sauti ya kubembeleza, hakuzaliwa nayo, na ukingoja akuimbie utazeekea ndani ya troli. Anachofanya ni hiki. Kila Ijumaa akitoka msikitini anapita kwangu, anaketi, ananiuliza bei ya mahindi Korogwe. Huyu ni mtu aliyevuna gunia zake mwenyewe na hana haja ya kununua. Mimi namjibu kwamba sijasikia habari yoyote kutoka Korogwe. Anatikisa kichwa, anakaa kidogo, anaondoka bila kunywa chai.

Huko ndiko kuita kwake, mjukuu wangu. Ndiyo sauti aliyonayo, na mimi mama yake nakuhakikishia kwamba ndani yake analia. Toka.

Mungu akupe sikio la kutambua unapoitwa, na akupe miguu ya kurudi ukiwa bado unasubiriwa. Awape nyote watoto wenye kelele, na uwanja wa kuchezea, na mtu wa kuwaita giza likiingia. Nami anibakishie Ijumaa moja ya kukaa hapa mlangoni, nimwone mwanangu anasahau kuniuliza bei ya mahindi.