Trafiki wa Saa Saba na Kioo Kilichojaa Stika

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nakujibu: sinywi. Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimesinzia, nakujibu: nilikuwa nimeshika usukani, saa saba mchana, jua liko utosini, na pembeni yangu amekaa shahidi. Shahidi mwenyewe ni dada yangu mkubwa, Tabu, mwanamke ambaye hajawahi kunitetea kwa uongo tangu tuzaliwe. Nenda kamuulize. Atakuambia haya haya, na ataongeza mengine ambayo mimi nayaacha kwa heshima yangu.

Shule niliishia darasa la pili. Kusoma najua, kuandika unaona mwenyewe. Nilianza kwa kubeba ndoo za dagaa pale mwaloni Katonga, nikaingia kwenye baiskeli, kisha nikaingia kwenye pikapu. Leo nina nyumba Ujiji, na pikapu ni yangu, si ya tajiri. Nakuambia ili ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kukimbia kivuli chake.

Sasa kosa langu lilikuwa hili. Gari linatakiwa likaguliwe kila mwaka, likifaulu linapewa stika ya usalama, inabandikwa kwenye kona ya kioo cha mbele, mwaka umeandikwa. Ya kwangu ilikuwa imekwisha muda, tena si jana. Nilipeleka gari mara moja, mkaguzi akaniambia handibreki haishiki. Nikamwambia mimi nilianza kuendesha kabla baba yake hajaoa. Nikawasha gari nikaondoka. Sikurudi.

Stika iliyokwisha unaifichaje? Mikoa mingine sijui wanafanyaje. Sisi wa Kigoma tuna mawese. Unachovya kidole, unapaka kioo kwa nje, pale pale juu ya stika, halafu unapita barabara ya vumbi mara moja tu. Vumbi letu jekundu likishashika mawese halina habari ya kutoka. Trafiki akija anaona stika ipo, rangi ipo, mwaka hausomeki. Atasema nini? Ni vumbi, afande, barabara zetu unazijua. Usinicheke. Madereva ninaowajua wanaofanya hivyo siwezi kuwamaliza kwa vidole.

Siku yenyewe ilikuwa ya ndoa ya binti yangu wa mwisho, Zuhura. Ndoa ifungwe baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwangu. Asubuhi nikaenda Simbo kumchukua Dada Tabu, kwa sababu kwetu binti hatoki ndani bila shangazi. Shangazi ndiye anayeingia chumbani, anamshika mkono, anamtoa. Asipoingia, watu watasema mpaka mtoto apate wajukuu.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Dada alikuwa hajakanyaga nyumbani kwangu miaka kumi na moja. Tulipomaliza arobaini ya mama yetu, mimi nilisimama mbele ya watu nikajisifu. Nikasema, nimeanza na mikono mitupu, hakuna aliyenipa hata sindano. Dada akainuka, akajifunga khanga yake, akaenda zake. Hakugombana. Aliacha tu kuja. Nami sikumuuliza sababu, kwa kuwa sababu nilikuwa naijua.

Siku hiyo alipanda gari na kuku jike chini ya kwapa. Kabla hatujatoka kijijini akaniambia, "Mdogo wangu, tuelewane. Naja kwa ajili ya mtoto. Kwako siingii. Atolewe mpaka mlangoni, nimpokee pale."

"Dada, shangazi gani anasimama mlangoni kama mkusanya michango?"

"Shangazi aliyefukuzwa kwa hotuba," akasema. Akaangalia mashamba ya mihogo. Nikakanyaga mafuta, maana huyu akisema hapana ni hapana.

Tumeacha Simbo nyuma kidogo, kwenye kona ambayo nimepita maelfu ya mara, nikaona trafiki amesimama katikati ya barabara. Nikashangaa. Pale trafiki hawasimami. Hakuna mti, hakuna kibanda, hakuna pikipiki wala gari la kumleta. Na nguo zake, niamini, zilikuwa nyeupe mpaka zinaumiza macho. Viatu vyeupe. Kwenye barabara ya vumbi ile, viatu havina hata tone la wekundu.

Akainua mkono. Mguu wangu ulikuwa bado haujafika kwenye breki, gari likasimama na kuzima lenyewe.

Akaja upande wa dada kwanza. Akainama, akapiga makofi taratibu kama wazee wetu wa zamani, akasema, "Mwidiwe." Dada naye akapiga makofi akamwitikia, wakaulizana habari za mifugo na za watoto kwa Kiha kizito, kile ambacho hata mimi baadhi ya maneno nimeyasahau. Trafiki wetu wengi wanaletwa kutoka mikoa ya mbali. Kiha hicho angekitoa wapi?

Kisha akaja mbele ya gari. Akagusa lile vumbi kwenye kona, akapeleka kidole mdomoni, akakilamba.

"Mawese ya Simbo," akasema kwa Kiswahili, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumbani kwao. "Mazuri. Mzee, stika yako iko wapi?"

"Hiyo hapo, afande. Ni vumbi tu la barabara."

Nikasikia pap. Kwenye kioo, mbele ya macho yangu, ikatokea stika ya pili. Sikuona mkono ukiibandika. Nikafikiri ni jua. Nikasema, "Mpya ipo nyumbani, nimeisahau mezani." Pap. Ya tatu. "Gari ni zima, mkaguzi mwenyewe alilisifu." Pap. Ya nne, tena imekaa upande, kama imebandikwa kwa hasira.

Dada akasema polepole, "Mdogo wangu, hebu funga mdomo."

Lakini mimi nimezoea kubishana na trafiki kuliko nilivyozoea kula. Nikashuka, nikasimama kama mtu mzima, nikamwambia, "Afande, tangu nianze kuendesha sijawahi kusimamishwa hata siku moja." Hiyo sasa ilinyesha. Pap pap pap pap, mpaka kioo chote kikawa stika tupu, za kijani, za njano, za bluu, za miaka ambayo hata gari lenyewe lilikuwa halijatengenezwa. Nikajaribu kubandua kwa kucha. Zilishika kama magamba ya samaki aliye hai. Ndani ya gari kulikuwa giza upande wa mbele, na humo gizani namsikia dada yangu anacheka mpaka kuku anapiga kelele.

"Endelea baba," akasema. "Bado dirisha langu lina nafasi."

Nikageuka kumtazama yule mtu. Hapo ndipo nilipoangalia chini. Mimi nilikuwa na kivuli kidogo cha saa saba, kimejikunja miguuni. Gari lina kivuli. Yeye chini yake palikuwa na barabara tu, nyekundu, safi. Je, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari.

Lakini hakuwa na uso mbaya. Nakuambia kweli, alikuwa na uso wa mtu aliyekuja arusini. Akasema, "Sina haraka, mzee. Wewe ndiye mwenye haraka."

Dada akatoa kichwa dirishani. "Jua linageuka. Mtoto amekaa na hina mikononi anakungoja. Mwambie huyu bwana ukweli twende."

Nikasema, "Nilipaka mawese makusudi." Stika moja ikabanduka, ikaanguka chini, na ilipogusa vumbi haikuonekana tena. Nikasema, "Handibreki haishiki." Ikaanguka nyingine. "Nimesimamishwa mara nyingi, nyingine nilijifanya sisikii vizuri." Zikaporomoka kama nane kwa pamoja. Basi nikaona njia. Nikaanza kuyatapika yote. Kwamba umri wangu nilipunguza miaka sita nilipooa mke wa sasa. Kwamba ndevu napaka rangi. Kwamba yule mbuzi wa jirani aliyepotea mwaka ule hakupotea. Dada akasema, "Nilijua," na stika zinaanguka, na mwanga unarudi ndani ya gari, na mimi, utaamini, nilianza kucheka. Ilikuwa kama kutua mzigo wa dagaa mgongoni, gunia baada ya gunia.

Ikabaki moja. Kubwa kuliko zote, sawasawa na uso wa dereva. Nikasema hili, nikasema lile, haitikisiki. Nikataja mpaka makosa ya utotoni.

"Bado moja, mzee," akasema yule mtu.

Nikamwangalia dada. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa anampapasa kuku shingoni na macho yako mbali. Nami nikajua. Nilikuwa najua tangu mwanzo, ila neno lenyewe lilikuwa limenikaa kooni miaka kumi na moja kama mwiba wa samaki kuhe.

Nikasema, "Sikuanza na mikono mitupu. Shemeji alipofariki, dada alinipa baiskeli ya marehemu. Nikabebea dagaa, nikatajirika. Yeye akatembea kwa miguu na mihogo kichwani, Simbo mpaka Ujiji, mwaka baada ya mwaka. Nikasimama mbele ya watu nikasema hakuna aliyenipa hata sindano."

Stika haijaanguka.

Dada, bila kugeuka, akasema, "Na pampu."

"Na pampu yake," nikasema. "Alinipa na pampu."

Ikabanduka yenyewe kutoka juu kwenda chini, taratibu, ikaanguka. Na ile ya zamani ya kwenye kona, ya kwangu halisi, nayo ikaenda. Kioo kikabaki kitupu na safi kiasi kwamba niligusa nihakikishe kama bado kipo.

Yule mtu akaja dirishani kwa dada, akapiga makofi yale yale, akaaga. Nikaingia, nikainama kuwasha gari. Nilipoinua kichwa hayupo. Dada anasema aligeuka yangeyange akaruka kuelekea ziwani. Mimi nilikuwa nimeinama, sikuona, kwa hiyo neno hilo siliandiki kama langu. Wazee wa Kiha wanasema nchi yetu ina ibisigo, mizimu yenye makao yake mabondeni na kwenye mawe, na kwamba mingine inapenda watu waongo kama paka anavyopenda panya. Huenda ni hao. Sikuomba kitambulisho.

Tunaingia Ujiji, trafiki wa kweli wakatusimamisha. Aliyetujia ni askari wa kike, kijana, mwenye kivuli, nilihakikisha. Akazunguka gari. "Shikamoo mzee. Mbona kioo hakina hata stika moja?"

"Marahaba mwanangu. Sina. Ilikwisha muda, nikaifichia mawese. Na handibreki haishiki. Niandikie."

Akainama dirishani anione vizuri. "Mzee, unaumwa?"

"Amepona leo," dada akamjibu. "Andika haraka, mama, tuna arusi."

Akaniandikia faini kama sheria inavyotaka, akaniamuru nirudi na gari kwenye ukaguzi Jumatatu bila kukosa. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Nyumbani vigelegele vilianza tulipokata kona. Nikafungua mlango wa gari, Dada Tabu akashuka, akatembea mpaka kizingitini, akasimama. Watu wote wanajua habari ya miaka kumi na moja, kwa hiyo vigelegele vikapungua, vikaisha. Mimi sikusema karibu. Nilikuwa nimesema vya kutosha siku hiyo, na niliogopa neno moja zaidi litaharibu.

Akanigeukia, akanipa yule kuku. "Mshike," akasema. "Na usiwaambie wageni kwamba umemfuga wewe."

Akavua kandambili, akaingia.

Sitasahau sauti ya Zuhura kutoka chumbani, "Shangazi," mara moja tu, halafu wanawake wakapokea kwa vigelegele mpaka nadhani kule Katonga walisikia. Ndoa ikafungwa. Wakati wa chakula nikasimama, nikaisema habari ya baiskeli mbele ya watu wote, kwa sauti, marehemu kwa jina lake. Nilikuwa nataka kuendelea, dada akasema, "Kaa chini, umeeleweka, watu wana njaa." Tulicheza mpaka viatu vikatupwa pembeni. Mimi, na umri wangu huu wa kweli, nilicheza.

Jumatatu nilifunga handibreki mpya, gari likakaguliwa, nikapewa stika. Kila mwaka sasa nakuwa wa kwanza kwenye foleni. Dada anakuja kwangu bila taarifa, anaamrisha chakula, anakaa siku tatu.

Lakini gari halikuwa lile tena, na hili njoo ulione. Mvua ikinyesha na kioo kikishika ukungu, alama za zile stika zinaonekana kwa ndani, mraba kwa mraba, kioo kizima. Na nikidanganya nikiwa nimeshika ule usukani, hata uongo mdogo wa kusema nimeshakula, injini inazima. Mke wangu amelijua hilo. Akitaka jambo kutoka kwangu haniulizi sebuleni. Anasema, "Baba Zuhura, twende tukazunguke kidogo na gari."

Basi wewe mwenye gari, futa kioo chako uangalie mwaka ulioandikwa pale. Ukikuta umepita, peleka gari likakaguliwe, na mawese yabaki jikoni. Na siku ukisimamishwa saa saba mchana na trafiki mwenye viatu vyeupe visivyoshika vumbi, usijitetee. Msalimie vizuri, useme ukweli mapema, maana kioo cha mbele kikishajaa anahamia vya pembeni.