Shimo la Bi Mwanakhamis

Ukifika Wingwi ukauliza nani mwosha maiti wa kike, hata mtoto wa chuo cha Kurani atakupeleka kwa Bi Mwanakhamis. Miaka ishirini na mbili anaosha. Kawaosha waliompenda na waliomsengenya, mawifi zake wawili wakiwemo, na hajapata kumkatalia mtu, iwe mvua iwe jua. Watu wanausifia mkono wake: mwepesi, una stara, tena msafi. Hilo la usafi ulishike vizuri, maana ndilo lililotaka kumkosesha mbwa wake.

Ndiyo, mbwa. Usishtuke. Kima wa kwetu hawana haya, muhogo wanang'oa na njugu wanafukua, na mbwa wa kulinda shamba na mifugo dini haikumkataza. Huyu aliletwa na marehemu Mzee Mjaka, mume wa Bi Mwanakhamis, akiwa kitoto ndani ya pakacha. Majirani walipoanza maneno yao, Mzee Mjaka akampa jina palepale: Wache Waseme. Kwa mkato wakamwita Wache.

Mzee Mjaka alipofariki watu walijaa, hitma ikasomwa, arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwake. Watoto wako Unguja na Tanga, wanapiga simu Ijumaa. Waliobaki uani ni mbuzi kumi na mmoja na Wache. Asubuhi moja mbwa akaja anachechemea, kakanyaga mwiba. Bi Mwanakhamis akautoa, na mbwa akamlamba mkono mpaka kwenye kifundo. "Astaghfirullah," akasema, lakini mkono hakuuondoa. Tangu siku ya maziko, watu walipompa mikono ya pole, kiumbe hakikuwa kimemgusa.

Akenda nyuma ya nyumba, akachota udongo konzi moja, akauchekecha, akaosha mkono mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofunzwa, maana mate ya mbwa ni najisi. Kesho yake mbwa akaja tena. Na keshokutwa. Ikawa desturi: kila asubuhi anamkuna nyuma ya masikio, anamtoa kupe, analambwa, kisha anakwenda pembeni mwa ukuta wa choo na kijiko chake kikuukuu, anachimba konzi yake, anaosha mara saba. Miaka sita hivyo, na hakuna aliyejua. Maana alijiuliza: wakijua, nani atakubali mama yake aoshwe na mkono uliolambwa na mbwa?

Basi mwaka huu, mvua za masika zilipokata, Wache aliwakimbiza kima mpaka kichakani na hakurudi. Siku ya kwanza Bi Mwanakhamis alimwita mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu kima wakajua mlinzi hayupo, wakang'oa muhogo matuta mawili mazima na kuutafuna juu ya paa la banda huku wanamtazama. Siku ya tano jirani yake, Zulekha, akaja mbio na simu mkononi.

"Bi Mwanakhamis, hebu tazama hapa. Si Wache huyu?"

Alikuwa Wache. Shingo imefungwa bendeji, jicho moja limevimba, kalala kwenye sakafu ya saruji. Maneno ya chini yalisema ameokotwa kwenye mtego wa waya, yuko kituo cha kuokolea wanyama, Wete, na anayemtaka aje na barua ya sheha.

Barua ya sheha kwa ajili ya mbwa! Sheha mwenyewe, mkuu wa mtaa wetu, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Nimeandika barua za ndoa, za vitambulisho, za wagonjwa," akasema. "Ya mbwa ndiyo ya kwanza, Bi Mwanakhamis." Lakini aliiandika, akagonga na muhuri.

Kule Wete mezani alikaa binti wa mtaa wa Jadida, Asya jina lake, mtandio kaufunga barabara, kalamu mbili mbele yake, na uso usiochekea mtu. Bi Mwanakhamis alidhani ataonyesha barua, mlango ufunguliwe, achukue mbwa wake wende zao. Wapi! Alipewa fomu ya kurasa nne.

"Mwanangu, mbwa huyu ni wangu. Mlete hapa uone atakavyonijia."

"Mbwa humtikisia mkia hata anayempiga, Bi," alisema Asya, kwa adabu lakini bila kulegea. "Huyu katoka na waya shingoni. Mpaka nijue uliwekwa na nani, kwangu wewe na mpita njia sawasawa. Uniwie radhi."

Radhi hiyo Bi Mwanakhamis aliimeza kwa shida, akapiga moyo konde, akajibu. Mbwa anakula nini? Ukoko na vichwa vya dagaa. Analala wapi? Bandani kwa mbuzi. Amechanjwa? Kachanjwa, kadi hii hapa, pembe moja imeliwa na mende. Unamfunga mnyororo? Nimfunge kwani kaiba? Una uzio? Nina michongoma, pita wewe kama unaweza. Ukisafiri nani atamlisha? Nisafiri nende wapi, mwanangu?

Asya aliandika yote bila kutabasamu. Akafungua ukurasa wa nne.

"Unamgusa mbwa wako?"

Sasa, kwenye benchi nyuma yao alikuwa amekaa Mwalimu Suhaib, mwalimu wa Kurani chuoni Wingwi, kamleta punda wake aliyevimba goti. Mama yake Mwalimu, Bi Duni, ni mkongwe asiyetoka tena kitandani ila kwa kushikwa, na Mwalimu alikuwa keshasema mbele za watu kwamba Mungu akimchukua mama yake, wa kumwosha ni Bi Mwanakhamis na si mwengine. Bi Mwanakhamis alikisikia kikohozi cha Mwalimu mgongoni mwake, na haya ikampanda mpaka utosini.

"Miye?" akasema kwa sauti kubwa. "Miye nimguse mbwa? Astaghfirullah! Miye mtu wa twahara, mwanangu. Chakula chake namtupia kwa mbali."

Kalamu ya Asya ikasimama. "Kidonda chake kinataka kuoshwa kwa maji ya chumvi na kupakwa dawa mara mbili kwa siku, mwezi mzima. Asiyemgusa hawezi." Akaandika neno moja kwenye fomu. "Hapa umekosa, Bi. Samahani."

Njia ya mwongo fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Bi Mwanakhamis alitaka kuyarudisha maneno yake, lakini Mwalimu alikuwa palepale na punda wake nje. Na hapo, nyuma ya wavu, mbwa akabweka mara mbili, na sauti ile aliijua. Akainuka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Jumatano nitakuja kuiona nyumba yako," Asya akasema.

"Si umeshanikataa? Waja kutazama nini tena?"

"Utaratibu wetu, Bi. Hatumkubali mtu wala hatumkatai mpaka nyumba yake tuione kwa macho."

Njia nzima ya kurudi Wingwi Bi Mwanakhamis aliulaani huo utaratibu na aliyeuzaa. Mtu kakunyima kitu, kisha anakuja kwako kuupima unyimwaji wako! Siku tatu hakula vizuri. Asubuhi alitoka na kijiko chake kwa mazoea, akakumbuka mkono wake hauna cha kuoshwa, akarudi ndani.

Jumatano Asya akaja kwa pikipiki, tope mpaka magotini, kwani barabara ya huko haijali mgeni. Mkononi ana utepe wa kupimia na fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Alilipima banda. Akakitazama chombo cha maji. Aliizunguka michongoma yote, akahesabu mianya mitatu na kuiandika. Bi Mwanakhamis alimfuata nyuma, moyo wake umekwisha kata tamaa. Walipofika nyuma ya choo Asya akasimama.

"Shimo hili la nini, Bi?"

"La... la kupandia mgomba."

"Mgomba wenyewe uko wapi?"

"Bado sijaupata."

Asya akainama. Kuta za shimo hazikuwa na alama za jembe. Zilikuwa za kijiko, mistari midogo midogo, juu mpaka chini. Kandoni palikuwa na chekeche, kopo la maziwa lililojaa udongo laini, na kata ya maji imefunikwa. Akauteremsha utepe wake. Shimo lilimpita goti.

Akaelewa. Binti wa Jadida si mgeni wa dini hii.

"Na miye nina ndoo yangu kituoni, nyuma ya mlango," akasema mwishowe, na sauti yake si ile ya mezani tena. "Kila jioni kabla sijarudi kwa mama. Konzi moja inanitosha. Hili umelichimba kwa miaka mingapi, Bi?"

"Sita," alisema Bi Mwanakhamis, na machozi yakamtoka. "Usiniandike, mwanangu. Miye naosha maiti za watu. Wakijua itakuwaje?"

Asya alimshika mkono, akamkalisha kwenye jiwe la kufulia. "Kuna mtu alikuja kabla yako, akasema mbwa ni wake. Fomu kaijibu yote, hakukosa hata moja. Anamgusa, anampenda, ana uzio wa matofali. Nilikwenda kwake. Nilikuta mabunda ya waya wa mitego yananing'inia ukutani."

Siku tatu Bi Mwanakhamis alikuwa anaulaani utaratibu, kumbe utaratibu ndio uliokaa mlangoni ukamzuia yule mtu asimchukue Wache. Alijiona mdogo, na papo hapo alijisikia kushukuru. "Allah akulipe kheri," akasema. "Akulipe kwa ukali wako huo huo."

"Usinishukuru bado," Asya akajibu, na ule uso wa mezani ukamrudia. "Jibu lazima litoke mdomoni kwako, mbele ya meza. Siwezi kukuandikia. Na dawa ya kwanza utampaka palepale, mimi natazama."

Alhamisi asubuhi Bi Mwanakhamis akaingia kituoni, na nani yuko uani anafungua kamba ya punda? Mwalimu Suhaib, goti la punda limepona, anajitayarisha kurudi. Bi Mwanakhamis angeweza kungoja robo saa tu, Mwalimu aende zake. Alisimama akafikiri hivyo. Kisha mlango wa wavu ukafunguliwa, Wache akatolewa, kakonda, bendeji shingoni, akamwona. Hakukimbia, hakuwa na nguvu. Alikuja polepole akaweka kichwa kwenye magoti yake.

"Unamgusa mbwa wako?" akauliza Asya.

"Namgusa!" Ilisikika mpaka barabarani. "Namgusa kila siku ya Mungu, na kila siku naosha mara saba, mwaka wa sita huu. Nilisema uongo hapa, na Mwalimu alinisikia, basi anisikie na leo."

Akaifungua bendeji mwenyewe. Kidonda kilikuwa kibaya, kimezunguka shingo nusu nzima. Alikiosha kwa maji ya chumvi kwa mkono uleule unaoosha maiti, taratibu, anamsemesha kwa sauti ya chini, na Wache akamlamba kifundo. Alipokwisha, Asya akamletea ndoo yake ya udongo na maji. Bi Mwanakhamis aliosha hadharani, anahesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na uso ulikuwa unamwaka.

Asya akaandika. "Umepita, Bi. Limebaki sharti moja. Lile shimo lako la udongo, kando ya ukuta, lifukiwe. Jicho lake moja halioni vizuri, atatumbukia avunjike mguu. Una siku saba, nitakuja na utepe wangu."

Mwalimu Suhaib aliyasikia yote. Alimvuta punda wake, akaondoka.

Nyumbani Wache alilala siku nzima kivulini kwa mbuzi, na kima walimwona kwa mbali wakarudi kichakani na aibu zao. Bi Mwanakhamis alishukuru kila sala. Lakini Zulekha alimwambia habari imeenea, watu wanaisema kisimani, na siku mbili, siku tatu, hakuna aliyebisha hodi. Akajisemea: nimempata mbwa, nimeipoteza kazi ya Mungu, na bado nashukuru. Lakini usiku hakulala sana.

Siku ya nne, mchana, akasikia hodi. Alikuwa Mwalimu Suhaib na punda wake, magunia mawili mgongoni, moja kubwa, moja dogo.

"Assalaam alaykum, Bi Mwanakhamis."

"Waalaykumu salaam, Mwalimu. Karibu," akasema.

"Nimetumwa na mama." Mwalimu akakohoa kikohozi chake kilekile. "Nilimsimulia ya kituoni. Nilidhani ataniambia tutafute mwosha mwengine. Kanitukana, Bi. Kanambia, mkono umeoshwa mara saba kila siku kwa miaka sita, Wingwi hii nzima nani ana mkono safi kama huo? Kasema siku yake ikifika, akiguswa na mtu mwengine atainuka."

Bi Mwanakhamis alicheka na kulia kwa pamoja.

"Gunia hili kubwa ni la kufukia shimo," Mwalimu akaendelea, anamtazama punda na si yeye. "Nilisikia umepewa siku saba. Hili dogo ni udongo wa bondeni kwetu. Kauchekecha mama mwenyewe. Kataka akalishwe mkekani, kashinda nao asubuhi nzima. Kasema usichimbe tena karibu na ukuta, nyumba itakuangukia."

Akaliteremsha gunia dogo mlangoni. Bi Mwanakhamis akalifungua, akatia mkono. Ulikuwa laini kama unga wa mchele. Wache akaja akanusa gunia, akanusa kwato za punda, akajilaza kizingitini.

"Mwambie Bi Duni nimeupokea," alisema Bi Mwanakhamis. "Nimeupokea kwa mikono miwili. Na mwambie asiwe na haraka ya kufa. Udongo huu mwingi, hauishi leo wala kesho."