Anamshonea Mumewe Gari

Jua bado halijaruka ukuta wa uani. Mama Pacha amepiga magoti juu ya gunia, kipande cha msasa mkononi, anasugua mlango wa gari. Anasugua, anapuliza vumbi, kisha anafumba macho na kupapasa bati kwa kiganja.

"Macho yana upendeleo," anasema. "Kiganja hakijui kusifia."

Hatua chache kutoka hapo, kwenye kiti cha mbao, mumewe anamwangalia, mkongojo ukiwa mapajani. Anazungumza polepole, neno moja moja.

"Hapo pana tumbo."

"Tumbo unalo wewe," mkewe anamjibu bila kugeuka. Anapapasa tena pale bati lilipovimba, halafu anacheka. "Haya, Baba Pacha. Pana tumbo."

Anarudi kusugua.

Mama Pacha ni fundi cherehani. Mchana atakaa barazani kushona sare za shule, kazi iliyowalea mabinti zake mapacha hadi wakaolewa. Asubuhi ni ya gari.

Ni gari la spoti la milango miwili, kuukuu, fupi kiasi kwamba ukisimama kando yake unaliona paa lote. Madigadi moja ni ya kijivu kwa puti ya kuzibia mashimo, nyingine bado inaliwa na kutu. Mumewe alilinunua enzi za udereva wake wa malori, kwa mtu aliyekuwa akihama, akalivuta kwa kamba hadi nyumbani.

"Nikistaafu nitalitengeneza," ndio uliokuwa wimbo wake. Miaka ikapita, turubai likachanika, kuku wakapata pa kutagia. Shemeji yake Mama Pacha hakuchoka kumtania kaka yake: "Mabinti wote wameolewa, huyu mwari wako unamwoza lini?"

Kabla ya kustaafu, kiharusi kikampata. Mkono na mguu wa kulia vikalala. Mtu aliyekuwa akivuka mipaka na lori akawa anahesabu safari ya kutoka kitandani hadi uani kuwa safari.

Siku moja, ili kumchangamsha, Mama Pacha alijaribu kumkalisha ndani ya gari lake. Paa lilikuwa chini mno, kizingiti juu mno. Kichwa kikagonga, mguu ukanasa, wakakwama nusu ndani, nusu nje, mpaka jirani alipokuja kuwanasua.

"Hakulia kwa maumivu," anasimulia, akishusha sauti ili asisikike kwenye kiti. "Namjua. Alilia kwa sababu gari lake mwenyewe limemkataa."

Kesho yake Baba Pacha akaagiza aitwe mnunuzi wa vyuma chakavu. Alipofika na mkokoteni, Mama Pacha alimpokea mlangoni, akamshukuru kwa kuitika wito, akamgeuza na mkokoteni wake.

Ndani alimkuta mumewe amenuna. Akamwambia, "Mimi nguo ikimbana mteja, simkati mteja."

Fikra yake ilikuwa kukata kipande cha paa juu ya mlango wa abiria na kukiunganisha na mlango wenyewe, vifunguke pamoja, mtu aingie akiwa amesimama kabla ya kuketi.

Baba Pacha akagoma. Gari lile lilikuwa na mchoro wake, alisema, na mchoro wa namna ile haukatwi. Siku kadhaa hakumsemesha mkewe ila kuomba maji.

Mama Pacha akatandika karatasi za kaki za kuchorea nguo, akazibandika kwenye gari, akachora mlango mpya kwa chaki. Kisha akaja na futi ya kitambaa, akaanza kumpima mumewe: mabega, nyonga hadi goti, goti hadi unyayo.

"Unanishonea suti?" mzee akauliza. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote wiki ile.

"Nakushonea gari. Nyoosha mgongo."

Akanyoosha.

"Kwa nini mlango wa abiria?" akauliza tena. "Mimi ni dereva."

Mama Pacha akaiweka futi chini. Akaushika mkono wa kushoto wa mumewe, ule mzima. "Kwa sababu huu ndio utakaokuwa upande wa mlango. Utajifungia mwenyewe."

Mzee akautazama mkono wake. Halafu akasema, "Usikate bila kuweka nguzo ndani. Paa litabonyea."

Tangu siku hiyo, yeye anaelekeza kwa ncha ya mkongojo, mkewe anatenda. Jirani, fundi wa kuchomelea, aliimarisha fremu kwa mabomba ya chuma. Bati la kuzibia lilitoka kwenye friji mbovu. Mara ya kwanza mlango uliinama kwa uzito, ukagoma kufunga. Mama Pacha aliketi chini akalia. Mumewe akamwacha alie, kisha akamwambia aongeze bawaba ya tatu.

Wiki iliyopita walijaribu. Mlango ukafunguka pamoja na kipande chake cha paa. Baba Pacha akaingia, akajigeuza kwa kisigino cha mguu mzima, akaketi. Mkewe akanyoosha mkono kumfungia.

"Acha," akasema.

Akauvuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ukafunga. Akabaki humo hadi chakula kikapoa, na hakuna aliyemwita.

Kazi bado ipo. Pampu ya mafuta haijapatikana, na rangi imezua mzozo: yeye anataka nyekundu, mkewe anataka kijani iliyokolea. Wakati huohuo Mama Pacha anajifunza udereva, na kila jioni mwalimu mkali zaidi anamsubiri nyumbani na maswali ya alama za barabarani.

Ukimuuliza watakwenda wapi kwanza, anaweka msasa chini.

"Maisha yangu yote alikuwa anaondoka, mimi nabaki mlangoni nampungia mkono," anasema. "Sijali ni wapi. Nataka tu siku moja tuondoke wote, nyumba ibaki yenyewe."

Kutoka kwenye kiti, Baba Pacha anainua mkongojo.

"Kwanza ajifunze kurudi nyuma," anasema. "Lango letu ni jembamba."