Kitreni Kilichokuja Bila Kutikisa Vikombe

Harufu ya dizeli haikosekani hapa Tunduma, malori yamejaa barabarani. Wenzangu huziba pua. Mimi, jamani, nikiivuta tu naona maharage yametapakaa juu ya mawe, na moyo unanilipuka paa!

Utotoni tulikaa huko Mpemba, jirani kabisa na reli. Kwetu mahali pazuri pa kuanika maharage palikuwa katikati ya reli, maana mawe yale yalishika joto na hayakutuamisha maji. Kila nyumba ilitandaza turubai lake pale. Najua mnashangaa. Lakini treni kubwa tulikuwa tumeizoea: ikiwa bado mbali, ardhi ilitetemeka na vikombe vya Bibi vikagongana kabatini. Bibi alipaza sauti, "Haya, vikombe vimesema!" Tukashika pembe za turubai, tukaondoka zetu bila haraka.

Siku hiyo nilikuwa nachambua maharage na Mama. Mdogo wangu Neema, ndiyo kwanza anajifunza kusimama, alikaa katikati ya turubai akijimwagia maharage kichwani. Honi ikalia. Hatukugeuka, honi za malori tulizisikia kutwa. Ikalia tena. Nikainua uso, mayo we! Kwenye kona ya mikaratusi kulikuwa na kitreni, mabehewa mawili tu, kinateleza kutujia kama baiskeli. Vikombe vilikuwa kimya.

Miguu yangu iligoma. Mama aliruka, akakanyaga maharage, akaanguka kifudifudi. Neema akakipungia mkono kitreni.

Vyuma vikapiga kelele, moshi ukatufunika, nacho kikasimama. Kati yake na Neema pangetosha mtu mmoja kujilaza.

Dereva alishuka. Bibi alimfikia na mwiko wa ugali mkononi.

"We baba, mbona unanyata kama mwizi? Na hii nayo ni treni, au basi limepotea njia?"

"Ni ya abiria wa karibu, Bibi. Tunaijaribu, iwe inaenda Mlowo na kurudi. Mimi nilikuwa naendesha ile kubwa." Akamtazama Neema, akakaa chini juu ya mawe. "Shukuruni imekuja hii."

"Tushukuru! Ile kubwa ina adabu, inabisha hodi!"

Mama alimpakata Neema. Alimtoa maharage nywelini, moja moja, na hata yalipokwisha vidole vyake viliendelea kutafuta.

Miaka yote nilikuwa upande wa Bibi. Juzi nikaona lori lililosheheni likikanyaga breki kwenye mteremko, likaburuzika mbali, wakati bajaji ya mbele yake ilishasimama zamani. Nikakikumbuka kitreni. Wepesi ule ule uliotunyima habari ndio uliokisimamisha kitreni. Ile treni kubwa ingebisha hodi, kweli, lakini isingeweza kusimama mlangoni. Ndipo nikaelewa kwa nini dereva alikaa chini: miaka yote alipita na ile kubwa juu ya reli ile ile, bila kujua kwamba ulinzi wa watoto wetu tuliviachia vikombe.