Eti Palikuwa Msitu Mtupu

Nilifunga safari ya Tukuyu nikiwa na hasira, sifichi. Binamu yangu alinitumia picha ya kibao kipya kwenye lango la shule niliyosoma, shule ya wavulana ya Wakatoliki kule milimani. Jina lake nalihifadhi. Kimeandikwa kwamba kabla ya mapadri hapo palikuwa msitu mtupu, na kwamba wao ndio waliowafundisha vijana wetu kuishi pamoja. Jubilei ilikuwa Jumamosi hiyo. Baba yangu mkubwa, mzee aliyekwisha kupita miaka tisini, alisema hataki kufa akiacha wajukuu zake wanasoma uongo ule.

Wanyakyusa wenye umri wanajua alichomaanisha. Zamani mvulana akishaanza kuchunga ng'ombe hakulala tena kwa baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao kando, wakaishi huko, nyumbani wakirudi kula tu kwa mama zao. Kijiji cha namna hiyo kilikuwa papo hapo ilipo shule, na baba mkubwa alilala humo mpaka kilipovunjwa ili bweni lijengwe. Leo tunaambiwa tulifundishwa kuishi pamoja!

Asubuhi niliondoka Mbeya. Tulipofika Isongole, njiani, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, akina mama wakipanga ndoo za viazi kando ya lami. Jirani yangu garini aliniangalia usoni, akaniuliza kama naenda msibani. Nikamwambia ni kama msiba tu, akaniacha.

Kutoka Tukuyu mjini nilipanda bodaboda, tukakata mashamba ya chai hadi kwa baba mkubwa. Nilimkuta keshavaa koti, nikamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, baba."

"Ndaga. Umechelewa. Twende."

Shuleni tulipokelewa na mkuu wa shule, padri kijana, mpole kweli. Alitusikiliza, akatabasamu.

"Mzee wangu, kibao kimeshabarikiwa. Labda mwakani tutaongeza sentensi. Halafu kumbukumbu za wazee nazo huwa zinachanganya."

Hapo damu ikanichemka. "Padri, huyu aliondolewa kwenye kibanda chake mwenyewe. Amechanganya nini?"

"Kaka, leo ni siku ya shukrani. Tusiiharibu."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akafutwa, na bado anatakiwa ashukuru.

Baada ya misa wageni waliitwa langoni kupiga picha. Baba mkubwa alivuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya kibao, akaketi. Mpiga picha alimwomba asogee. Hakusogea. Padri akaja akamwinamia.

"Mzee, unaziba maandishi."

"Piga tu, padri," akasema baba mkubwa. "Msitu wenyewe ndio huu."

Wengine walicheka, lakini hakuna aliyemgusa. Kwetu mzee hanyanyuliwi kitini, hata padri analijua hilo. Picha ikapigwa vilevile, maneno yote yakiwa nyuma ya koti lake.

Jioni nilimrudisha nyumbani, nami nikashika njia ya Mbeya. Kibao bado kipo, na hasira yangu haijapoa. Nilichojifunza ni kwamba adabu yetu ndiyo iliyotuponza. Miaka yote tulinyamaza kwa heshima, wao wakadhani hatukuwepo.