Koti la fainali ya Arusha

Leo nimecheka na muuza makoti, halafu nikataka kulia.

Wiki nzima mmelalamika kwenye kundi letu kwamba fainali ya soka ya vyuo isichezwe Arusha, Julai hii, kwa sababu ya baridi. Niliitetea peke yangu. Mkajitoa kwenye safari mmoja mmoja.

Basi nikaenda soko la Mchikichini, hapa Dar, kutafuta koti la mtumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Koti zito hivi na jua hili? Una malaria, mwanangu?"

"Naenda Arusha kwenye mpira."

"Na nani?"

"Na wenzangu." (Ndiyo, nilidanganya.)

Kabla ya kunifungia koti akapekua mifuko yake, kama kawaida yao. Akatoa tiketi mbili zilizochakaa. Nikamsomea: mechi ya vyuo, Marekani, mwezi Desemba, wakati wa baridi kali kwao. Namba za viti zilifuatana.

"Kumbe wenzetu wanakaa kwenye barafu kutazama wanafunzi!"

Wanakaa, mama. Lakini hawa walikuwa wawili.

Koti nimenunua. Bado naamini Arusha inastahili fainali.

Basi linaondoka Ijumaa alfajiri.

Niambieni ukweli hapa chini: tatizo lilikuwa baridi, au mimi?